Niambieni ni betri gani kabla sijasaini

Ukinunua gari Kampala, hakuna anayekuficha injini. Ingia bondi yoyote, yaani yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje, ya Nakawa au kando ya Barabara ya Jinja: muuzaji hajamaliza kutaja bei, fundi uliyekuja naye ameshafungua boneti. Anainama, anafuta vumbi kwa kidole gumba, anasoma kile kibati kilichopigwa kule nyuma ya injini chenye namba ya chesisi, namba ya rangi na aina ya injini. Kisha anauliza, "Boss, Toyota Premio hii injini yake ni 1ZZ au D4?" Swali hilo utalisikia kwa mwalimu wa shule ya msingi na kwa mama mwenye duka Kikuubo. Wote wanajua kwamba Premio mbili zinaweza kufanana taa, viti na hata rangi, kumbe moja ina injini ya 1800 ambayo fundi yeyote wa Katwe anaimudu, na nyingine ina D4 ya 2000 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, yenye pampu ya shinikizo isiyovumilia mafuta machafu. Muuzaji akijibu kwamba ni injini ya petroli na inatosha, mteja anaaga.

Mimi sasa naishi Leeds, Uingereza, na nimeagiza gari la umeme jipya kutoka kiwandani. Karatasi ya agizo ni ndefu. Imetaja rangi ya uzi wa viti, ukubwa wa rimu, idadi ya spika, hata aina ya zulia la buti. Penye betri pameandikwa "lithiamu-ioni", basi. Nikamuuliza muuzaji, kijana mwenye adabu zake: ni LFP au NMC, zile aina mbili kubwa za betri za magari? Akasema inategemea kiwanda kitakachounda gari langu na mwezi litakapoundwa, kwa hiyo nitajua likishafika. Sitaitaja kampuni hiyo, maana sidhani ni ya peke yake.

Jibu hilo silikubali, na nataka ndugu zangu wa nyumbani waelewe kwa nini, kwa sababu jambo hili litawafikia wao kuliko litakavyowafikia majirani zangu wa hapa.

Kusema "lithiamu-ioni" ni sawa na kusema "petroli". Ndani yake kuna familia nzima ya betri. NMC ni ya nikeli, manganizi na kobalti. Kwa uzito ule ule inabeba umeme mwingi zaidi, kwa hiyo gari linakwenda mbali. LFP ni ya lithiamu, chuma na fosfeti. Haina nikeli wala kobalti, ni nzito kidogo kwa umeme ule ule, lakini bei yake ni nafuu zaidi, inastahimili kujazwa na kumalizwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka, na inahitaji joto kali zaidi ndipo ianze kuwaka. Udhaifu wake ni baridi. Ikishuka chini ya sifuri haipokei chaji vizuri mpaka gari liipashe moto kwanza, na ule umeme ambao gari hujirudishia unapokanyaga breki unapungua.

Namna ya kuitunza kila moja nayo inapingana na ya mwenzake. Mwenye NMC anaambiwa kwa matumizi ya kila siku aishie asilimia 80 hivi, ajaze yote siku ya safari tu. Mwenye LFP anaambiwa ajaze hadi 100 mara kwa mara, mara nyingi kila wiki, kwa sababu volti za LFP hubaki karibu pale pale tangu ikiwa imejaa mpaka inakaribia kuisha, na kompyuta ya gari isipoiona imejaa kabisa inapoteza hesabu ya kilichobaki. Mtu asiyejua yake ni ipi atashika ushauri gani?

Hapo ndipo nakumbuka nyumbani. Mimi ni mtu wa Kasese. Kule mchana jua linachoma kwelikweli, ikweta inapita hapo hapo jirani, na barafu tunaiona kwa mbali juu ya Rwenzori. Leeds asubuhi ya Januari nakwangua kioo cha gari kwa kadi ya zamani ya benki huku vidole vimekufa ganzi. Betri inayonifaa hapa si lazima imfae mjomba wangu kule. Kwa baridi hii, NMC ina nafuu. Kwa Kasese, mtu akiniomba ushauri, nitamwambia atafute LFP bila kusita, na joto ni sababu moja tu.

Sababu ya pili ni jinsi tunavyoishi na umeme. Huku kwangu umeme haukatiki, na usiku wa manane unauzwa kwa bei ya chini, kwa hiyo naweza kuliambia gari lianze kuchaji saa saba usiku, likomee 80, nami nikalala. Nyumbani mambo si hivyo. Ni kweli Uganda ina umeme mwingi kuliko zamani: bwawa la Bujagali liliongeza megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa rasmi mwaka 2024. Lakini umeme kuwepo bwawani ni jambo moja na kufika sebuleni kwako jioni ya mvua ni jambo lingine. Mtu wa nyumbani amezoea kujaza ukiwepo. Simu, tochi, pasi, vyote vinachomekwa mara tu taa zinaporudi, na vinaachwa hapo mpaka vijae pomoni, maana hujui kesho. Atafanya hivyo hivyo na gari, na ni haki yake. Likiwa na LFP, halidhuriki sana. Likiwa na NMC, likajazwa hadi 100 kila siku na kushinda kwenye jua la Kasese likiwa limejaa, betri itazeeka kabla ya wakati, na mwenye gari ataambiwa magari ya umeme ni takataka. Kosa halitakuwa lake, maana alinyimwa habari tangu mwanzo.

Kuna atakayesema hili linawahusu Wazungu na magari yao mapya. Hapana. Waganda wengi hununua gari ambalo mtu mwingine ameshalichoka. Mengi hutoka Japani, na mengine hapa Uingereza, kwa kuwa nao wanaendesha kushoto kama sisi. Sheria ya mwaka 2018 inakataza kuingiza Uganda gari lililofikisha miaka 15 tangu liundwe. Kwa hiyo gari linaloundwa leo lina muda mrefu wa kufika Kampala kihalali, likiwa na mwenye wa tatu au wa nne, na karatasi zake za awali zimeshapotea njiani.

Nissan Leaf, gari la umeme, ilishatuonyesha. Zile za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, hazikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, kwenye joto la jangwa, walianza kulalamika kwamba vile vijiti 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi vinapotea kimoja kimoja kabla ya wakati. Nissan baadaye ikabadilisha mchanganyiko wa ndani ya betri ili ustahimili joto zaidi, umbo la gari likabaki lile lile. Leo Leaf mbili zikikaa bondi pamoja, zote nyeupe, zote za kilowati-saa 24, zinaweza kuwa na betri mbili tofauti kwa tabia. Asiyejua atanunua ile yenye kioo kisafi. Anayejua atauliza mwaka wa kuundwa na atahesabu vijiti.

Najiuliza kwa nini huku watu hawaulizi. Jirani yangu, mtu mwema anayependa magari, nilimwuliza lake lina betri gani, akashangaa kwamba kuna aina. Nikaja kuelewa kwamba yeye hakai na gari. Wengi hapa wanalipa kwa mwezi, miaka mitatu au minne wanalirudisha na kuchukua jipya. Betri ikianza kuchoka mwaka wa 12, itachokea mikononi mwa mtu mwingine ambaye hawatamwona kamwe. Sisi kwetu gari linakaa mpaka life, na likifa linauzwa vipuri. Mdogo wangu anayeendesha bodaboda ya umeme Kampala naye hana wasiwasi, ila kwa sababu tofauti: betri si yake. Anafika kituoni, anavua iliyokwisha, anachukua iliyojaa, analipa, anaondoka. Ikiwa dhaifu, kesho ni ya mwenzake, na mwisho ni ya kampuni. Swali la aina ya betri ni la yule atakayebaki nayo, na kwa magari, huyo mara nyingi ni Mwafrika.

Nimesikia hoja ya watengenezaji na si ya kipuuzi. Wananunua seli kwa zaidi ya kampuni moja, CATL huku, BYD au LG kule. Bei ya madini inapanda na kushuka, meli inachelewa, kiwanda kinabadilisha bila kusimamisha kazi. Wakiandika aina kwenye agizo watakuwa wamejifunga. Naelewa. Lakini mbona wengine wanaweza? Volvo EX30 ilipotoka, kampuni ilisema waziwazi kwamba betri ndogo ni LFP na kubwa ni NMC. MG4 vilevile, ya kilowati-saa 51 ni LFP na ya 64 ni NMC. Mteja anachagua akijua. Huku Uingereza mkate wa pauni moja umeandikwa kila kilichomo, mpaka chembe za ufuta. Kitu cha maelfu ya pauni, nitakacholipia miaka, nacho kiandikwe.

Na kwa mtu wa Kasese kuna jambo jingine ambalo muuzaji wangu hangeweza kulijua. Mji wetu ulikua kwa sababu ya shaba ya mgodi wa Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuja kuichukua. Shaba ilipoacha kuchimbwa ilibaki milima ya mabaki yenye kobalti, na mvua ikawa inayaosha kuelekea mbugani na upande wa Ziwa George, ikaacha ukanda wa ardhi ambayo majani hayaoti. Kuanzia 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilikuwa ikitoa kobalti kwenye mabaki yale kwa kutumia bakteria, mpaka nayo ikafunga. Wazee wa nyumbani walifanya kazi kwenye mashimo yale na bado wanakohoa. Ng'ambo ya mpaka, Kongo, ndiko inakotoka zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu yake huchimbwa na watu wanaoingia ardhini kwa mikono na sururu. Sisemi nitaikataa NMC kwa sababu hiyo. Kobalti iliyochimbwa kwa haki ni kazi kwa watu wetu, na betri yenye nikeli na kobalti ina thamani hata ikifa, kwa sababu madini yake yanafaa kutolewa tena, tofauti na LFP ambayo mabaki yake hayana bei kubwa. Ila nataka kujua kama nimebeba kobalti chini ya kiti changu. Watu waliolipia madini yale kwa vifua vyao wana haki angalau ya kuambiwa yako wapi.

Umoja wa Ulaya umeliona hili. Ulipitisha kanuni mwaka 2023 kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri ya gari la umeme inayoingia sokoni kwao iwe na pasipoti ya kidijitali, mtu anapiga picha alama iliyobandikwa na kuona ni betri ya aina gani na imetengenezwa na nani. Uingereza ilishajitoa kwenye Umoja huo, kwa hiyo gari langu halibanwi na kanuni hiyo. Ningependa Uganda isingoje. Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, tayari linadai gari kuukuu likaguliwe kule linakotoka kabla ya kupakiwa melini. Kwenye fomu hiyo ya ukaguzi iongezwe mistari miwili kwa gari la umeme: aina ya betri, na asilimia ya uwezo uliobaki. Mafundi wetu watajua la kufanya na habari hiyo, kama walivyojua la kufanya na D4.

Kwa upande wangu nimemwandikia muuzaji kwamba nataka aina ya betri kwa maandishi kabla sijasaini malipo. Akinijibu NMC nitalichukua, na nitakuwa nikikomea 80. Akinijibu LFP nitalichukua pia, na nitakuwa nalijaza pomoni kila Jumapili, nikijua kwamba siku nikilipeleka Kasese litakuwa limefika mahali pake. Asiponijibu, nitaghairi na kununua lile la kampuni nyingine ambayo karatasi yake imeshaandika.