Ritani Yangu, Mkwe Wangu na Nyumba za Mtwapa

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia watu kwamba nilijificha chini ya meza ya saiba, lile duka la intaneti, nimeona afadhali niyaeleze mwenyewe kabla habari hazijafika msikitini. Sikujificha. Kalamu ilianguka, nami nikachukua muda kuitafuta.

Ilikuwa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuijazia KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ritani (taarifa ya mapato na kodi) ya mwaka uliotangulia, na saiba yetu ya Kisauni ilifurika watu wanaoikimbia faini ya shilingi 2,000. (Ninyi mnaoniuliza kila mwaka kwa nini mjaze ilhali mwajiri amekwisha kuwakata PAYE, ile kodi ya mshahara: kukata ni kazi yake, kujaza ni kazi yako, na faini ikija huja kwa PIN yako, yaani namba yako ya mlipa kodi.) Fomu yangu ya P9, ambayo mwajiri huandika mshahara na kodi ya mwaka mzima, nilikuwa nimeikunja ikawa ndogo kuliko kitambulisho, maana mshahara wa mtu ni siri baina yake, Mola wake na mhasibu. Nilipoketi tu mbele ya dada wa saiba, nikasikia nyuma yangu kikohozi ninachokifahamu. Alikuwa babake mchumba wangu, bahasha ya stakabadhi zake mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Endelea, mimi sina haraka."

Hapa inanibidi nieleze kidogo. Tangu nianze kwenda kwao, nimekuwa nikizungumza. Sikuwahi kutamka waziwazi kwamba napangisha nyumba. Nilisema tu "nyumba zangu za Mtwapa", nao wakaelewa walivyoelewa. Huko Mtwapa kuna kiwanja, kwenye kiwanja kuna msingi, na juu ya msingi kuna mbuzi wa jirani. Lile gari ninalokwenda nalo kwao kila Ijumaa ni la mkubwa wangu wa kazi, nami huwa nimetumwa kulipeleka likaoshwe.

Sasa, ritani ya mtu binafsi huanza kwa maswali ya ndiyo na hapana, na baadhi ya majibu ya ndiyo hufungua ukurasa mwingine unaodai tarakimu. Dada yule aliyasoma kwa sauti ya utingo anayejaza matatu.

"Kaka, una mapato ya nyumba za kupangisha?"

Kabla sijajibu, mzee, ambaye yeye nyumba zake zina wapangaji, akaniinamia kwa upole. "Zile za Mtwapa unazilipia KRA ile asilimia 7.5 ya pango kila mwezi kabla ya tarehe 20, kama sisi, au hesabu yake unaifanyia humu?"

"Bado hazijapata wapangaji, baba."

"Kwa nini?"

"Hazina paa."

"Na kuta?"

Dada akasubiri, kisha akaamua mwenyewe: "Basi hapana."

Swali la gari ulilopewa na mwajiri lilipofika, nikajibu ndiyo ili nibakiwe na kitu. Ukurasa ukafunguka. Ulitaka namba ya usajili, ambayo naijua kwa kuisugua, kisha ukubwa wa injini, kisha bei ya kununulia, na dada akanieleza kwamba asilimia 2 ya bei hiyo kwa kila mwezi huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yangu, na kutozwa kodi. Nikapiga hesabu ya miezi 12 ya gari ambalo hata spea yake siwezi kuinunua. "Dada, rudi nyuma. Andika hapana." Mkopo wa nyumba, hapana. Bima ya maisha, hapana. Mapato kutoka nje ya nchi, hapana, na hapo nikamsikia mzee akiguna, kwa sababu Dubai pia nilikuwa nimeitajataja.

Kisha dada akasoma: "Ungependa kujaza mapato ya mke wako?"

Ndugu zangu, nawaapia, saiba nzima ilinyamaza. Mashine ya kuchapisha ilitoa karatasi yake ya mwisho ikatulia. Kijana aliyekuwa akitazama mpira kwenye kompyuta ya pembeni alivua kisikilizio sikio moja. Nilikiona kidole cha dada kimesimama juu ya kipanya, kucha zake zina hina iliyoanza kufifia, na kwenye kioo cha kompyuta, juu ya msururu wa hapana zangu zote, nikakiona kivuli cha kofia ya mzee kikisogea mbele taratibu. Nilifungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Huyo bado hana mke," alisema mzee. "Andika hapana."

Dada akaandika. Hapo ndipo kalamu ilipoanguka.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. P9 ikakunjuliwa, dada akasoma jumla ya mwaka mzima na kuniuliza, mbele ya foleni, kama hiyo ilikuwa ya mwaka au ya mwezi mmoja ulioandikwa vibaya. Nafuu yangu ya kodi ya shilingi 28,800 ikaondolewa, PAYE ikalingana, deni likasoma sifuri, risiti ikachapishwa. Mzee aliomba ichapishwe mara mbili. Yangu akanikabidhi, ya pili akaitia kwenye bahasha yake, akasema wazee wa upande wao watapenda kuiona kabla ya kuzungumzia mahari.

Kikao ni Ijumaa ijayo. Ami yangu, ambaye ndiye atakayetusemea, amenipigia kuuliza aanze kwa kunisifia nini, nami nimemwambia aanze na lolote, ila Mtwapa asiitaje.