Kinyago cha Kuuza ni Sanaa? Na Maana Yake Inatoka kwa Nani?

Mtu akikuambia vinyago vya mashetani ni urithi wa kale wa Wamakonde, muulize ukale wenyewe una miaka mingapi. Vile vinyago vya mpingo vyenye jicho moja, ulimi ulioning'inia hadi kifuani na mwili uliojipinda mpaka hujui mkono umeishia wapi, vilianza kuchongwa Dar es Salaam miaka ya 1950. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa, mchongaji kutoka upande wa Msumbiji. Aliyekuwa akivinunua na kumtia moyo aendelee ni Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago mjini humo, na vingi viliishia mikononi mwa wageni.

Kwa baadhi ya watu, historia hiyo inatosha kumaliza kesi. Kitu kilichozaliwa kwa ajili ya duka, wanasema, ni bidhaa, na kukiita sanaa ni kukipandisha bei tu. Kwa wengine historia hiyo haina uzito wowote: kinyago kikimsisimua anayekitazama, basi ni sanaa, na maana yake ni ile aliyoiona yeye. Mimi naona pande zote mbili zinamruka mtu yule yule, mchongaji.

Tuanze na upande wa kwanza, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Kwa miongo mingi makumbusho ya Ulaya na Marekani yalikuwa na kipimo chepesi: sanaa halisi ya Kiafrika ni ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya wenyewe, ikachezwa ngomani au ikakaa penye matambiko. Kwa kipimo hicho mapiko ya Wamakonde yanapita bila swali. Lipiko ni kinyago cha kuvaliwa kichwani, huchongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi hubandikwa nywele za binadamu, na chale za usoni hutengenezwa kwa nta ya nyuki. Huchezwa katika shughuli za jando na unyago, na kwa mila wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakutakiwa kujua nani yumo ndani yake. Kinyago cha shetani hakina historia ya namna hiyo. Hakijawahi kuchezwa popote.

Lakini kipimo hicho kina kasoro kubwa. Mwaka 1992 mtaalamu wa sanaa Sidney Kasfir aliandika makala akihoji ni nani hasa anayepewa mamlaka ya kuamua kuwa kazi hii ya Mwafrika ni halisi na ile si halisi. Swali hilo lilikuwa la haki. Michelangelo alipochora dari la kanisa la Sistine kati ya 1508 na 1512, kazi aliagizwa na Papa Julius wa Pili, akalipwa, na hakuna anayesema malipo yale yameifanya dari ile kuwa bidhaa. Iweje fedha imchafue Mmakonde peke yake? Mtu aliyevuka Ruvuma kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanganyika, au aliyekimbia utawala wa Wareno baada ya watu kuuawa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, mwezi Juni 1960, alihitaji kula. Njaa yake haikumwondolea fikra.

Hata hivyo sitaki kuteleza hadi upande wa pili na kukiita sanaa kila kilichopangwa kwenye rafu. Pita Mwenge pale Dar es Salaam, kwenye mabanda ya vinyago. Utakuta twiga walioshika mstari, shingo moja, masikio yale yale, na baadhi yao ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu ili ufanane na mpingo. Kwa Wakamba wa Kenya, kwenye vyama vya ushirika kama kile cha Changamwe, Mombasa, kazi nyingi hupita mikono mingi: huyu anachonga, yule anapiga msasa, mwingine anapaka rangi. Ni kazi halali, imelisha na kusomesha, na ufundi wake si wa mchezo. Ila ufundi ni mkono kujua njia. Ninachokitafuta mimi kabla ya kusema neno sanaa ni dalili kwamba mchongaji alifika mahali penye njia mbili, akachagua.

Dalili hiyo huonekana kwenye mti wenyewe. Mpingo ni mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini. Gogo lake ni nadra kunyooka. Lina mashimo, nyufa na mapindo, na kiini cheusi kimezungukwa na ganda la rangi ya krimu. Mchongaji wa twiga huliondoa lile ganda lote kwa tezo na kulitafuta lile umbo analolijua tayari. Mchongaji wa shetani hufanya kinyume. Anaona tundu mahali ambapo tumbo lingekaa, analiacha liwe tundu. Anaona gogo limepinda, anaupeleka mgongo huko huko. Ukanda wa krimu anauacha upite shavuni kama jeraha. Ukikaa na kinyago kama hicho, ukakizungusha taratibu, unaziona hukumu zake moja baada ya nyingine: hapa patasi ilisimama, hapa iliendelea. Hizo hukumu hazikuagizwa na mnunuzi yeyote.

Sasa maana. Hapa mfano wangu ni ule mnara wa watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, ambao leo unauzwa kila mahali kwa jina la ujamaa. Mwanzoni uliitwa dimoongo. Mchongaji anayehusishwa nao ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na inaelezwa kuwa ulionyesha bingwa wa mieleka akinyanyuliwa na wenzake. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na mnara ukasomwa upya: hakuna bingwa tena, kuna taifa linalobebana. Baadaye maduka ya watalii yakauita mti wa uzima, ukoo mzima kutoka kwa babu hadi kitukuu.

Anayesema maana ni ya mchongaji tu atakuambia tafsiri mbili za mwisho ni uongo. Mimi sikubali. Wachongaji wenyewe walilipokea jina la ujamaa, wakachonga upya kwa kulifuata: minara ikarefuka, wakaingia akina mama wenye watoto mgongoni, watu wakitwanga, wakicheza ngoma, wakivuta kiko. Maana mpya ilizaa umbo jipya, na huwezi kuita uongo kitu kilichobadilisha namna patasi inavyokwenda.

Lakini anayesema maana ni ya mtazamaji tu naye ana la kujibu. Wageni wengi waliviona vinyago vya mashetani wakasoma humo giza, hofu na uchawi wa Afrika. Wahenga walikwishasema, kinyago cha kujichongea mwenyewe hakikutishi. Imani ya mashetani ipo kweli, na ni ya zamani kuliko vinyago hivi, lakini shetani wa mchongaji mara nyingi ni mtani: mlafi, mlevi, mwenye kujikwaa. Tazama kazi za George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyefariki mwaka 2005. Mashetani wake wana masikio makubwa na vidole vichache, wamevaa nguo za rangi kali, wanacheza, wanagombana. Ni majirani zetu wale. Anayeona hofu tupu pale hajatafsiri, amejitazama mwenyewe.

Jambo hilo hilo huwapata waongozaji wa wageni kwenye milango ya Zanzibar. Mnyororo uliochongwa kwenye fremu, huyu atasema ni ulinzi wa nyumba, yule atasema mwenye nyumba alikuwa na watumwa. Hadithi ya pili huwagusa zaidi wageni, kwa hiyo husimuliwa zaidi.

Kuna kisa kinachonisumbua kuliko vyote hivi. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yaliibiwa, na kimojawapo cha vilivyochukuliwa ni kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa, kilichokuja kuingia kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Baada ya miaka mingi ya mazungumzo, makubaliano ya kukirudisha yalitiwa saini Paris mwezi Mei 2010. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini hata kikirudi Dar es Salaam, kinyago kama hicho kinakaa nyuma ya kioo, kinatazamwa na kila mwenye tiketi, wakati mila yake ilikuwa ni kuficha. Tumerudishiwa mti, ngoma yake haiko ndani ya kile kioo. Sisemi kifichwe. Nasema makumbusho yetu yasijidanganye kwamba yanaonyesha kitu kile kile.

Kinachoweza kufanyika ni kidogo lakini ni cha lazima. Kwenye makabati mengi, hapa na ng'ambo, maandishi chini ya kinyago yanaishia kabila na karne. Waandike jina la mchongaji pale linapojulikana, mwaka, kiliagizwa na nani, na yeye alikiitaje alipokimaliza. Wachongaji wengi wa kizazi kilichofuata kile cha Likankoa wamezeeka, na walio hai bado wanaweza kuulizwa. Mnunuzi akishasoma hayo, aone mti wa uzima akipenda. Ila ajue kuwa kuna aliyeona bingwa wa mieleka kabla yake.