Sigaa bora huanza baada ya mavuno

Nina miaka sita sasa Santiago, kwenye bonde la Cibao, Jamhuri ya Dominika. Kila nikirudi kwetu Afrika Mashariki, jamaa wanaojua kwamba navuta sigaa (sigaa nene ya jani tupu, si sigara ya pakiti) huniuliza lile lile: "Ya Kuba ndiyo yenyewe, sivyo?" Zamani nilikuwa naitikia tu. Siku hizi nakataa.

Siivunjii Kuba heshima. Mashamba ya Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, hasa San Luis na San Juan y Martínez, yanatoa jani ambalo sijaonja mfano wake kwingine: moshi laini, harufu ya mbao na ngozi, ukali unaokuja taratibu. Tena sigaa ya Kuba kwa desturi ni ya Kuba tupu, kuanzia majani ya ndani, jani la kufungia, hadi jani la nje. Fahari yao iko hapo, na udhaifu wao uko hapo hapo, kwa sababu shamba likipata msiba hawana pa kukimbilia. Ukungu wa buluu, ugonjwa wa tumbaku, uliwamalizia mavuno mwishoni mwa miaka ya 1970. Septemba 2022 kimbunga Ian kikapita Pinar del Río na kulaza chini maelfu ya mabanda ya kukaushia. Nimewahi kufungua boksi la Kuba nikakuta sigaa tatu zimekazwa hata hazivutiki, kisha ya nne ikawa tamu kuliko zote nilizowahi kushika. Kwa bei ile nataka zote nne ziwe sawa. Na nadhani marufuku ya Marekani ya mwaka 1962 dhidi ya bidhaa za Kuba imelikuza jina la Kuba kuliko jani lenyewe, kilichokatazwa hutamaniwa.

Mimi pesa yangu naipeleka Nikaragua. Nchi moja ina mabonde yasiyofanana hata kidogo: Estelí yenye udongo mweusi na jani lenye pilipili, Jalapa karibu na mpaka wa Hondurasi ambako jani ni tamu na pole, na kisiwa cha Ometepe chenye udongo wa volkano. Fundi akiyachanganya vizuri, sigaa moja inakupa safari tatu. Ujuzi huo haukuota wenyewe. Serikali ya Kuba ilipotaifisha viwanda mwaka 1960, familia nyingi za tumbaku zilihama na kuanza upya Nikaragua, Hondurasi na hapa Dominika. Hapa nilipo jani ni pole zaidi. Ni sigaa ya asubuhi, na siionei aibu kusema haijanishinda nguvu bado.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni la jani la nje. Sigaa nyingi nzuri zinazosokotwa hapa huvikwa jani la Kamerun: jembamba, lenye vipele vidogo, lenye utamu wa pekee. Mbegu yake ina asili ya Sumatra, lakini jua na mvua ni vya kwetu. Pete, ile karatasi ya jina inayozunguka sigaa, inasema Dominika, ilhali mdomo unagusa Afrika kwanza. Basi asiniambie mtu kwamba udongo wa Afrika hauwezi.

Kinachotutenganisha ni yanayofuata baada ya kuvuna. Kwetu tumbaku nyingi ni ya mvuke. Jani linaingia bani, yaani banda la kukaushia kwa joto, moto unakokwa, na kwa muda wa wiki moja hivi limekuwa la manjano, sukari bado imo ndani. Ni jani la sigara, na kwa kazi hiyo ni zuri. Huku jani la sigaa linaning'inizwa bandani likaushwe na hewa kwa wiki nyingi, sukari inaisha, rangi inageuka kahawia. Kisha linavundikwa. Wanayapanga majani katika marundo marefu, rundo linapata joto lenyewe, na mtu anatumbukiza mkono katikati kulipima. Likizidi joto wanalivunja, wanaligeuza, wanalipanga tena. Harufu ya amonia, gesi kali inayotoka rundoni, inakutoa machozi. Baada ya hapo jani linalazwa, pengine miaka miwili, kabla msokotaji hajaligusa.

Najua madhara yake. Moshi wa sigaa, hata usipoumeza, huleta saratani ya mdomo na koo. Ndiyo maana navuta moja Jumapili, na ndiyo maana nataka iwe nzuri.

Safari yangu ya mwisho nilirudi na jani moja kavu kutoka shamba la baba. Nikampelekea mzee jirani, msokotaji tangu ujana wake. Alilinusa, akalikunja, akalinyoosha dhidi ya mwanga wa dirisha. Akasema mkulima wake ni hodari, ila wamelipika haraka mno. Kisha akaniuliza baba mwenyewe analionaje likishaiva na kuvutwa. Nikamjibu kwamba kwa miaka thelathini baba amefunga marobota, akayapima, akayauza, na hajawahi kuonyeshwa kilichotengenezwa kwa jani lake.

Mzee alilirudisha jani kwenye gazeti, akalifunga vizuri, akaniambia nimwombe baba la msimu ujao, safari hii alikaushe kivulini.