Cheti pekee hakitoshi, tuangalie na mkataba

Kuna makala inayosema vijana wa Tanga wapewe mafunzo zaidi ili wapate ajira. Sawa, ila wengi kwenye mashamba ya mkonge na viwandani tayari wana ujuzi. Wanachokosa ni karatasi. Fundi aliyejifunzia gereji anaweza kwenda VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) kuomba urasimishaji wa ujuzi: anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Hakuna haja ya kuanza upya darasani.

Shida kubwa ni kibarua cha miezi bila maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi. Mgogoro ukifika kwenye kesi na mwajiri hana karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wako. Wengi hawalijui hili!

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Mfano: mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi, gawanya kwa 4.333 (wastani wa wiki kwa mwezi), kisha kwa saa 45. Unapata kama 2,000 kwa saa, hivyo ya ziada ni 3,000. Andikeni saa zenu kila siku, na hakikisheni michango yenu ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inafika kweli.

Ukiachishwa kazi isivyo halali, wahi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30. Ahadi za "njoo wiki ijayo" ndizo zinazomaliza siku hizo.