Ofisi ndogo, seva inazimazima: uhamie Linux au ubaki na Windows?

Kuna kaka yangu mmoja ana duka la dawa za jumla, wafanyakazi kama tisa hivi, kanipigia wiki iliyopita ananiuliza kuhusu seva yake, yani ile kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima. Inaganda, inazima yenyewe, asubuhi nyingine mafaili hayafunguki mpaka irestatiwe, na fundi wake kamwambia dawa ni moja tu, atoe Windows Server 2016 aweke Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, maana Linux haifi. Akataka nimjibu ndio au hapana. Sikumjibu hivyo, na nimeona niliandike lote hapa maana hili swali nalisikia kila mahali na watu wanalijibu kishabiki kama Simba na Yanga, wakati mwenye duka anayeuliza pesa zake ndo zinaondoka.

Sisi tulishapita hiyo njia mwaka 2024. Ofisi yetu ni ya kliaringi, yani kuwatolea wateja mizigo bandarini, hapa Dar, upande wa Kurasini, tuko watu kumi na moja. Kazi yetu ni makaratasi kuanzia asubuhi mpaka jioni, bili za meli, invoisi, vibali, barua za wateja. Mfumo wa forodha unafunguka kwenye brauza kwa hiyo huo hauitaji seva yetu, lakini skani zote za wateja na vitabu vya hesabu vilikuwa kwenye mashine moja chini ya meza ya mhasibu. Ikilala hiyo saa tatu asubuhi basi hakuna anayetuma kitu mpaka mchana, na kontena la mteja likipitiliza siku zake bandarini storeji inaanza kuhesabu, na mteja ukimwambia habari za seva hakuelewi, na ana haki asielewe.

Ilikuwa Windows Server 2012 R2, ambayo apdeti zake za usalama za kawaida ziliisha tarehe 10 Oktoba 2023. Tulijua, tukawa tunasema tutahama tutahama. Halafu Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ikapata hitilafu umeme ukaondoka, sisi tuko nyumbani. Jumanne tunafungua ofisi mashine inazungusha feni tu, haifiki popote. Ilikuwa na diski mbili za kuakisiana, yani moja ikifa nyingine inaendelea, kumbe moja ilishakufa siku nyingi na taa yake ya rangi ya chungwa ilikuwa inapepesa nyuma ya maboksi ya karatasi za A4 hakuna anayeiona, na usiku ule ya pili nayo ikaenda. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya Februari kwenye diski ya nje iliyofungiwa kwenye droo. Wiki kama sita za skani zikapotea, tukakaa kuwapigia wateja mmoja mmoja kuwaomba watutumie tena nyaraka zao, aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Tukahama. Mashine refabishi kutoka Kariakoo, Debian 12 ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na programu ya Samba juu yake ili kompyuta za Windows za wafanyakazi zione mafoda kama zilivyozoea. Na kweli tangu siku ile seva imetuangusha mara mbili tu, bosi wetu sasa kila anayekutana naye anamwambia Linux ndo imetuokoa.

Hapa ndo mimi na bosi tunapotofautiana, kwa heshima zote. Wiki ile hatukubadilisha Windows peke yake. Tulibadilisha mashine, tukabadilisha diski, tukanunua UPS mpya, lile boksi la betri linaloishikilia seva umeme ukikatika, tukaanza bakapu ya kila usiku, na Windows tukaitoa. Vitu vitano kwa mpigo, halafu sifa zote akapewa mmoja. Ukipika mchuzi ukaongeza nyanya, chumvi, nazi na limao siku moja huwezi kusema utamu umetokana na limao.

Kilichonifanya nitilie shaka ni daftari. Dada yetu wa mapokezi alikuwa anaandika kila siku ambayo mtandao wa ofisi umelala, tarehe na saa, kwa sababu yeye ndo anayepokea simu za wateja wakali. Nikalichukua nikakaa nalo jioni moja. Zaidi ya nusu ya zile siku ni umeme, hapo hakuna siri, jenereta linachukua muda kuwaka na UPS ya zamani betri yake ilishachoka, na betri hizi za risasi kwenye joto la Dar miaka mitatu ikifika ushukuru. Lakini kulikuwa na kundi lingine la ajabu, seva inazima mwisho wa mwezi, mchana, umeme upo. Tukahangaika nalo mpaka tukagundua mtu alichomeka printa ya leza kwenye UPS ile ile ya seva. Printa ya leza ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS inazidiwa, inakata kila kitu. Mwisho wa mwezi ndo wanaprinti stetimenti za wateja. Sasa niambie hapo Windows ilikosa nini? Na ungeweka Linux kwenye UPS hiyo hiyo si ingezima vile vile?

Na umeme ukikatika ghafla usidhani mfumo mmoja una kinga ambayo mwingine hauna. NTFS ya Windows na ext4 ya Linux zote zina jono, kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia mpangilio wa mafaili usivurugike, lakini faili la hesabu lililokuwa linaandikwa katikati jono halikuhakikishii kwamba litabaki zima. Kinachosaidia ni seva kuambiwa mapema kwamba umeme umeondoka ili ijizime kwa utaratibu, na hilo Windows inaweza na Linux inaweza, kwa kebo ya USB inayotoka kwenye UPS. Nimeingia ofisi nyingi za jamaa zangu nikakuta UPS ipo na kebo bado iko kwenye boksi na naironi yake.

Sasa nisije nikaonekana naiponda Linux, maana mimi mwenyewe ndo niliyeishauri na leo ningeishauri tena kwa ofisi yetu. Kuna mambo iliyotupa kweli. La kwanza leseni, na hapa tuseme ukweli ambao watu wanauficha, seva nyingi za ofisi ndogo zina Windows ya kukreki, isiyolipiwa. Mtu wa kukreki anazima apdeti makusudi akiogopa zitagundua, kwa hiyo mashine inakaa miaka bila kuzibwa matundu. Kuna ofisi moja niliitwa seva yao inajizima kila baada ya saa moja, wote wanasema Windows mbovu, kumbe fundi aliwawekea toleo la majaribio la siku 180, na siku zikiisha ndivyo lilivyotengenezwa, linajizima kila saa. Wengine wanatumia Windows 10 au 11 ya kawaida kama seva, hiyo inaruhusu miunganisho ishirini tu kwa wakati mmoja, wa ishirini na moja anagoma. Ukiwa na Debian hayo yote yanaondoka, unapiga apdeti bila hofu, na nyingi zinaingia bila kurestati mashine nzima katikati ya kazi.

La usalama watu wanalitia chumvi. Kila anayebishana anakumbusha WannaCry ya Mei 2017, ile virusi iliyofunga mafaili ya watu dunia nzima kupitia mlango wa kushea mafaili wa Windows. Ni kweli ilikuwa balaa, lakini kiraka Microsoft walishakitoa Machi, miezi miwili kabla, walioumia wengi ni ambao hawakukiweka. Na mwezi ule ule wa Mei 2017 Samba nayo ikakutwa na tundu kubwa lililokuwepo tangu toleo la mwaka 2010, wakaliziba haraka, lakini mwenye seva ya Linux aliyolala nayo bila apdeti alikuwa wazi vile vile. Na kama mtu anadhani upande wa Linux hakuna kuachwa njiani awaulize waliojenga seva zao juu ya CentOS 8, aina nyingine ya Linux, waliahidiwa apdeti mpaka 2029, Desemba 2020 wakaambiwa mwisho ni tarehe 31 Desemba 2021.

Upande wa pili sasa, yaliyotugharimu. Programu ya uhasibu ndo ilitutesa kuliko vyote. Tally na QuickBooks ya kuinstoli, ambazo ofisi nyingi za huku zinazitumia, zinafunguliwa kwenye Windows, hilo halijadiliki. Sisi tulifikiri tutahifadhi data za hesabu kwenye Samba halafu mhasibu na msaidizi wake wafungue kutoka kwenye kompyuta zao, ikawa wakiingia wawili kwa pamoja mmoja anagomewa, faili linaambiwa limefungwa na mtu mwingine, na ilikuwa wiki ya kuandaa ritani za VAT. Dada mhasibu hakulala vizuri wiki ile na lawama ni zetu tuliohamisha bila kumshirikisha tukajaribu kwanza na nakala. Mwisho tukanunua Windows halali kwa kompyuta moja, hesabu zikakaa humo, Linux ikabaki na nyaraka na bakapu. Kwa hiyo yule anayesema utaondokana na Windows kabisa, kwa ofisi yenye vitabu vya hesabu asikudanganye, waulize kwanza wahasibu wako.

Lingine ni mtu wa kuiangalia. Windows ikisumbua, ukitoka nje ya ofisi hatua mia mbili unapata fundi, anaweza asiwe bora lakini ataona madirisha aliyoyazoea. Linux yetu iliwekwa na dogo mmoja hodari sana, kijana makini, miezi minne baadae akapata kazi Dodoma, akaondoka na paswedi kichwani. Hakuwa na ubaya wowote, hakuna aliyemuuliza. Ile mara ya kwanza seva kutuangusha baada ya kuhama ndo hapo, diski ilijaa kwa sababu nakala za bakapu zilikuwa hazijifuti, kitu cha dakika kumi, kikachukua siku nzima tukimtafuta kwenye simu. Tukamwomba aandike kila kitu kwa Kiswahili, kurasa tatu, inawakaje, inazimwaje, bakapu inarudishwaje, na paswedi ikawekwa kwenye bahasha ndani ya sefu ya bosi. Zile kurasa tatu kwangu zina thamani kuliko mabishano yote ya Windows na Linux.

Wapo watakaosema achana na seva kabisa, peleka kila kitu mawinguni, yani kwenye seva za kampuni za mtandaoni. Kwa barua pepe nakubali, sisi tulishapeleka. Kwa mafaili ya kila dakika nasita, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti huku ikawa ya kukokota kwa siku kadhaa, na siku zile skani zetu zilifunguka kwa sababu ziko hatua tano kutoka kwenye meza. Sasa nakala ya pili ya bakapu inakwenda mawinguni usiku, ya tatu bosi anaenda nayo nyumbani kila Ijumaa kwenye diski.

Kuna hoja moja inayompa bosi wangu nguvu na lazima niikubali. Ningemwambia mwaka 2023 atoe pesa za betri ya UPS, asingetoa. Ningemwomba siku nzima ya kujaribu kurudisha bakapu, angesema tuna kazi. Ni kule kuhama ndo kulikofanya tuguse kila waya, tujue foda gani ni ya nani, tukafuta akaunti za watu walioacha kazi miaka mitatu nyuma na bado walikuwa wanaweza kuingia. Ukihama nyumba ndo unakuta vilivyokuwa chini ya kitanda. Kwa hiyo Linux haikututibu yenyewe, lakini bila uamuzi wa kuihamia pengine tungekuwa na printa ile kwenye UPS mpaka leo, na hilo sina jibu lake la kumshinda bosi.

Kwa kaka yangu wa dawa nilimwambia hivi. Yako ni 2016, apdeti zake za usalama mwisho ni tarehe 12 Januari 2027, kwa hiyo kuhama utahama tu, iwe Windows mpya yenye leseni au Linux. Usihame wiki hii kwa hasira. Mwambie binti wa kaunta aandike kila inapozima, saa ngapi, umeme upo au haupo, nani alikuwa anafanya nini, kwa mwezi mmoja. Nenda nyuma ya mashine uangalie taa za diski. Chukua bakapu ya jana ujaribu kuifungua kwenye laptopu nyingine, mbele ya macho yako. Halafu muulize huyo fundi wako wa Linux, akisafiri nani mwingine anaijua.

Jana usiku kanitumia picha kwenye WhatsApp. UPS yake imechomekwa seva, friji ya chanjo, na feni.