Bahari ya Aktiki: Ramani Inapogeuza Dai Kuwa Mpaka

Mwaka 1926 Umoja wa Kisovieti ulitangaza kuwa ardhi na visiwa vyote vilivyo kati ya pwani yake na Ncha ya Kaskazini, ndani ya longitudo mbili, yaani mistari ya ramani iendayo kutoka ncha hadi ncha, ni mali yake. Amri hiyo haikutaja maji, lakini ramani zilipovuta mistari yake juu ya bahari hadi nchani, msomaji alizoea kuona bahari yenyewe ikiwa na mwenyewe.

Sisi wa Lubumbashi hatuwezi kuicheka njia hiyo, kwani mashariki kabisa mwa Sakania, kusini mashariki mwa Kongo yetu, mpaka wetu na Zambia unafuata longitudo tu, kwa mkataba wa mwaka 1894. Hata hivyo, nchi kavu hupandwa alama za mpaka, ilhali barafu ya Aktiki huelea na kusogea.

Watetezi wa kuigawa bahari kwa longitudo wana hoja yenye uzito: mstari huo ni rahisi kuupata na haumlazimu yeyote kupima miamba iliyo chini ya barafu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unadai kazi kubwa zaidi. Unaipa nchi ya pwani maili 200 za baharini za ukanda wa kiuchumi, ambamo ina haki ya rasilimali, na inayotaka sakafu ya bahari zaidi ya hapo sharti ithibitishe kuwa ni mwendelezo wa bara lake. Denmark mwaka 2014, Urusi 2015 na Kanada 2019 ziliwasilisha madai yanayopandana kwenye ncha yenyewe, na tume ya wataalamu inayoyapitia haina mamlaka ya kuzigawia mipaka.

Katika Bahari ya Beaufort, Kanada inashikilia longitudo ya 141 huku Marekani ikitaka mstari wa katikati, ulio umbali sawa na pwani za nchi zote mbili. Cha ajabu, mbali na pwani mstari huo wa katikati ungeinufaisha Kanada. Norwei na Urusi, zilizobishana vivyo hivyo, mwaka 2010 ziligawana eneo la ubishi karibu nusu kwa nusu.

Kwa hiyo naona ramani ionyeshe madai yanayopandana kwa michoro ya kupishana, na mstari mzito ubaki kwa mipaka iliyokubaliwa. Mwalimu atalalamika kuwa ramani hiyo inamchanganya mwanafunzi, na ni kweli. Lakini sakafu isiyo ya nchi yoyote ni urithi wa wanadamu wote, na Kongo, iliyouridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1989, ina fungu katika kila kipande ambacho mstari wa haraka hukimega.