Lomilomi bila dua: mikono ipo, tiba je?

Katika hoteli za Waikiki, lomilomi ni saa moja ya kupakwa mafuta na kuchuliwa. Kwa wazee wa Hawaii ni tawi la uganga. Aliyeteguka bega, aliyefunga choo au mama aliyejifungua huchuliwa na mtu anayemjua na kuujua ukoo wake, na mkono hauanzi kazi kabla ya pule, yaani dua. Ubishi ni huu: dua ikiondolewa, kilichobaki bado ni lomilomi?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, kwa sababu ufundi wenyewe unafundishika. Kijadi mgonjwa hulazwa kwenye mkeka wa majani ya mkadi. Penye ugumu hupashwa joto kwanza kwa mawe ya moto yaliyofungwa majani, maana msuli baridi hukaza ukiguswa. Mchuaji hutumia kigasha, akikipitisha kutoka nyonga hadi bega kwa mwendo mmoja mrefu, kando ya uti wa mgongo na si juu yake. Uzito hutoka kiunoni kwake mwenyewe. Anayesukuma kwa bega huchoka upesi, na presha yake hupanda na kushuka. Mafuta ya kokwa za mti uitwao kukui au ya nazi yawe kidogo. Yakizidi, mkono huteleza, naye hukandamiza zaidi ili kufidia, na hapo ndipo michubuko hutokea. Kiwiko ni cha makalio na misuli minene, si cha nyuma ya goti, mbavu za chini zilizofunika figo, wala mbele ya shingo. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, hauchuliwi kabisa: huenda kuna donge la damu, na likihamia mapafuni huua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda achuliwe kwa wepesi, tena baada ya kumuuliza daktari wake. Mwenye aleji ya korosho na kokwa nyingine aulizwe kabla chupa ya kukui haijafunguliwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji imani. Sayansi nayo haijawa karimu sana kwa masaji kwa jumla. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2015 kuhusu maumivu ya kiuno yaliona nafuu ya muda mfupi tu, tena kwa ushahidi dhaifu.

Hata hivyo, kuita dua pambo ni kutoitazama kazi yake. Wakati wa pule mchuaji hutulia na kurekebisha pumzi, naye mgonjwa hupata nafasi ya kusema kinachomsumbua. Mara nyingi si mgongo. Ndiyo maana wazee huunganisha lomilomi na ho'oponopono, kikao cha ukoo chenye hatua zake kama Mary Kawena Pukui, mtaalamu wa utamaduni wa Kihawaii, alivyozieleza: dua, kutaja tatizo, kufumbua makosa yaliyofungamana, kuungama, kuachiliana, kisha kufunga. Kina msimamizi, na hasira zikipanda husimamishwa kwa muda wa kimya. Sentensi nne za kujirudia peke yako chumbani, zinazouzwa leo duniani kwa jina hilohilo, hazina ukoo, msimamizi wala anayeombwa msamaha.

Hapa watetezi wa dua nao wana deni. Sehemu kubwa ya kinachoitwa falsafa ya kale ya Hawaii ni “Huna”, mfumo wa Max Freedom Long, Mmarekani aliyefika visiwani mwaka 1917 kufundisha shule. Wataalamu wa Kihawaii wanaukataa. Margaret Machado (1916–2009), aliyefunzwa na babu yake na kuwafungulia wageni mlango wa elimu hiyo karibu na ghuba ya Kealakekua, alikuwa Mkristo na aliomba Kikristo. Anayedai usafi wa kale usioguswa angeanza kwa kueleza habari za mama huyo.

Serikali nayo imejikwaa. Leseni ya masaji Hawaii hudai saa 570: 50 za anatomia na mwili, 100 za nadharia, 420 za vitendo. Hilo huulinda mwili wa mteja, lakini halipimi kama mtu amekabidhiwa elimu na mzee wake. Sheria ya 1998 ilipojaribu kuwatambua waganga wa jadi, wazee walipinga kwamba si kazi ya serikali kuwapima. Mwaka 2001 ikarekebishwa, na utambuzi ukaachiwa mabaraza ya wazee yanayoitishwa kupitia Papa Ola Lokahi, shirika la afya ya Wahawaii asilia.

Kwa maoni yetu, mpango huo wa njia mbili ndio wenye akili, ingawa unachosha. Mwenye leseni bila ukoo auze masaji nzuri na aiite masaji. Mwenye ukoo asijione amesamehewa kujua dalili za donge la damu. Shida kubwa iko nje ya visiwa, ambako kozi ya siku mbili humtoa mtu na cheti cha “kahuna”, yaani mganga au kuhani wa Kihawaii, ilhali hana zile saa 420, wala mzee wa kumkosoa.